Mtihani Ulisema Mimi Ni Mtulivu

Admin, nisitirie jina, tafadhali, kwa sababu wenzangu wa kazini wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, naishi Langas hapa Eldoret. Nafanya kazi kwa kiwanda kimoja kinachopakia mbegu za mahindi. Niliingia kama kibarua wa kuchambua mbegu, na kwenye ile meza ya kuchambulia ndipo nilipata rafiki. Nitamwita Jerop, ingawa si jina lake. Ni mama wa watoto watatu, anatoka upande wa Soy. Tumekaa naye bega kwa bega miaka saba. Jerop machozi yake yako karibu sana. Kibarua mgeni akifokewa, anayelia ni Jerop.

Mwaka jana mimi na mume wangu tulimzika binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Alikuwa na miaka minne. Ni homa ya uti wa mgongo, siku tano tu hospitalini. Jerop alikuja siku zote tano, akitoka kazini moja kwa moja na chupa ya uji. Mimi sikulia. Wodini sikulia, kaburini sikulia. Watu wa kanisa walisema Mungu amenipa nguvu. Haikuwa nguvu. Ilikuwa kama vile umelalia mkono mpaka ukafa ganzi, unauona ni wako lakini ukiufinya husikii kitu.

Miezi mitatu baadaye nafasi ya supavaiza ikatangazwa. Mimi na Jerop tuliomba wote wawili. Meneja akatuambia safari hii hakuna kujuana, mtaalamu wa saikolojia atakuja kutoka Nairobi na mtihani wa kupima tabia ya mtu. Tuliufanyia pale tunapokula chakula cha mchana. Unasoma sentensi, unaweka alama kama unakubali ama unakataa. Zilikuwa kama hizi: Huwa nakasirika haraka. Shida za wengine hunivuruga kazi. Huwa nalia kwa urahisi. Nilikataa zote, na sikudanganya hata moja.

Tulipotoka Jerop akaniuliza, "Pale pa kulia ulijibu nini?"

"Nilisema silii."

Akanishika mkono. "Mama Faith, huyo si wewe. Wewe ulilia hata paka wa stoo alipokufa."

Bado wananiita hivyo, Mama Faith. Hakuna mtu ameniuliza kama waendelee.

Baada ya wiki mbili niliitwa ofisini. Yule mtaalamu alikuwa na karatasi yenye mistari ya rangi. Akasema, "Watu watulivu kama wewe tunawaona kwa nadra. Hata presha ikiwa juu, hutikisiki." Hakuniuliza mwaka wangu ulikuwaje. Na mimi sikusema. Kwa Jerop waliandika kwamba hisia zake zinamtawala, hafai kuongoza watu. Nilipomwambia nafasi nimepewa mimi, alinikumbatia akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Nilisimama tu nikingoja amalize.

Miezi miwili iliyopita mashine ilimvuta mama mmoja mkono, ikamkata vidole viwili. Jerop ndiye alikimbia kuzima stima. Alimfunga kwa leso yake, akakaa naye sakafuni akimwongelesha kwa Kikalenjin mpaka gari lilipokuja. Mimi niliangalia ile damu nikafikiria kwamba magunia yatachafuka. Nikawaambia wengine warudi kazini, nikaandika ripoti. Kwa mkutano meneja alinisifu mbele ya watu wote. Jerop hakupiga makofi.

Sasa wanataka kupunguza vibarua. Jumatatu meneja alinipa orodha ya wale wataachishwa, imepangwa kufuatana na alama za ule mtihani, kwa sababu baadaye kila mtu alifanyishwa. Jina la kwanza ni Jerop. Linangoja sahihi yangu kama supavaiza.

Nikamwambia, "Bosi, huo mtihani niliufanya nikiwa nimezika mtoto juzi tu. Mimi si mtulivu. Ni vile sisikii kitu."

Akasema, "Pole sana, mama. Sikujua. Lakini matokeo ni matokeo. Ama unataka kuniambia hiyo kazi hufai?"

Nilikunja ile orodha nikaitia kwa mkoba. Akasema anataka karatasi Ijumaa asubuhi.

Mume wangu ni fundi wa mawe, na ile nyumba alikuwa akijenga Cheptiret imesimama tangu mwenye nyumba aishiwe pesa. Nilimweleza yote. Akasema, "Weka sahihi. Si wewe ulitunga huo mtihani." Halafu, bila kuniangalia, akasema, "Lakini Jerop ndiye alimwosha Faith." Ni kweli. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti pale wodini, wauguzi wakatafuta mtu wa kusaidia kuosha mwili, Jerop akakunja mikono ya sweta.

Jana jioni niliweka sahihi. Haikuchukua hata dakika, na mkono haukutetemeka. Hicho ndicho kilifanya niwaandikie. Nilikuwa natumaini utatetemeka.

Karatasi bado iko kwa mkoba wangu. Leo mchana Jerop alikaa karibu na mimi, akaniambia mtoto wake mkubwa ameitwa shule ya bweni na amefurahi mpaka halali. Nikamwambia hongera. Yeye hajui kitu.

Nikiipeleka, nabaki na kazi. Nikikataa, najua orodha itatiwa sahihi na mtu mwingine, na labda jina langu liongezwe chini. Ndugu zangu, nitusini kama mnataka, lakini msiniambie nilie kwanza ndio nipone, nimejaribu. Nawauliza kitu kimoja tu, nyinyi ambao bado mnasikia: kesho kutwa ni Ijumaa. Niipeleke, niichane, ama nimpe Jerop aisome mwenyewe?