Herufi Peku za Mzee Raphael

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikupewa kazi yoyote. Fundi Mkuu wa chumba cha herufi, Mzee Raphael, aliniwekea kiganjani herufi moja ya kuchapia, kipande cha madini ya risasi kilicho kirefu kama pingili ya kidole, akaniambia nifumbe macho.

"Haya, juu ni wapi?"

Nikasema sijui.

"Umemaliza fomu foo na hujui juu na chini?" Wapangaji wa herufi wenzake wakacheka. "Papasa. Kuna mfuo hapo ubavuni. Mfuo ukikaa juu, umeipanga sawa. Huko shule ulisoma na macho, kijana. Hapa tunasoma na kidole."

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, mjini Machakos, nyuma ya maduka ya mabati na misumari. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, na zaidi ya yote programu za mazishi. Mpangaji aliokota herufi moja moja kutoka kwenye kasha, akazisimamisha kichwa chini katika kijiti cha chuma, mstari baada ya mstari, kisha ukurasa mzima ukafungwa kwa uzi. Baada ya kuchapa, tulivunja. Maana yake, tuliosha wino na kurudisha kila herufi kwenye kijichumba chake kashani, ili kesho iandike jambo jingine.

Herufi nyingi zina vikanyagio vidogo miguuni, mfano wa viatu. Aina aliyoipenda Mzee Raphael haikuwa navyo, na sisi tukaiita peku. Jina lake halisi ni Helvetica. Ilichorwa Uswisi katika miaka ya hamsini, na jina hilo limetoka kwenye jina la kale la nchi hiyo. "Hawa waliochora walitaka herufi isipige kelele," alituambia. "Ukisoma jina la marehemu, usione herufi. Uone mtu." Alinifundisha kuitambua kwa mguu wa R kubwa, unaoshuka wima na kujipinda kidogo tu unapogusa chini. "Huo ni mguu wa mtu amesimama," alisema.

Alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kiwanda kingine. Jina la marehemu halikuvunjwa kabla ya mazishi. Lilikaa rafuni, limefungwa uzi wake, hata kama tulihitaji herufi zile. Waliozika wakisharudi, Mzee Raphael alivua kofia, akakata uzi, akazirudisha herufi kashani bila kuzungumza na mtu.

Nilihamishiwa mtamboni, nikarudishwa kwenye herufi, nikawa msaidizi wake. Alipostaafu kwenda shambani kwake Katelembo, alinishika mkono mlangoni. "Siku yangu ikifika, usinichape na kompyuta. Nipange na hizi peku. Wewe ndiye uvunje."

"Nitakupanga, Mzee," nikamwahidi. Nikachukua kiti chake.

Kompyuta ilifika baada ya miaka michache. Ndani yake mlikuwa na herufi peku iitwayo Arial. Nilichapa mstari mmoja kwa mtambo wetu na mstari uo huo kwa kompyuta, nikaweka karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Mistari ilianzia pamoja na kuishia karibu pamoja. Kwa mpangaji wa herufi, kinachojaza nafasi ile ile ni kitu kile kile. Hivyo ndivyo nilivyopima maisha yangu yote ya kazi, na hivyo ndivyo nilivyokosea. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Arial ilichorwa makusudi ienee katika upana wa Helvetica.

Mwenye Kiwanda aliniita. "Hizo risasi zinakula chumba. Mtu wa vyuma chakavu wa Athi River anapita Ijumaa. Lakini Fundi Mkuu ni wewe. Ukisema zibaki, zitabaki."

Nikasema ziende. Ijumaa nilimsaidia yule mtu hata kuzipakia. Ningeweza kubakisha kasha moja. Jina la mtu halijazi hata kiganja.

Mzee Raphael alifariki wakati wa mavuno ya mbaazi. Mkewe, Mama Mwende, alikuja na picha yake ndani ya bahasha. "Alisema nisikusumbue na maelezo mingi," aliniambia. "Alisema wewe unajua vile anataka."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilisimama nyuma ya Kalondu, mpiga taipu wetu, jina likatokea kwenye skrini. R ile ilikuwa imetupa mguu kando, kama mtu anayejizuia asianguke. Nikamwambia aongeze ukubwa, kisha apunguze. Mguu haukunyooka.

Mama Mwende aliipokea karatasi, akaipangusa kwa kiganja. "Ni nzuri. Ni muvea," akasema, akinishukuru kwa Kikamba. Kule Katelembo, siku ya mazishi, watu walijipepea na programu hizo juani. Sikumwona aliyetazama ule mguu ila mimi.

Tuliporudi kazini, Kalondu aliniuliza, "Mzee, hii faili ya Mzee Raphael nifute? Mashine imejaa."

Nilikuwa nimekwisha kuvua kofia. "Iache," nikamwambia.

Ilibaki humo mpaka mashine yenyewe ikafa. Sasa nimestaafu, na ninyi mnaoingia kazi hii leo mna herufi nyingi kuliko tulizoziota. Sina la kuwafundisha kuhusu kompyuta. Mimi nikipita mjini nasoma vibao vya hospitali na vya maduka, na kila penye R natazama mguu. Majina ya watu wengi niliyapanga na kuyavunja kwa mikono hii. La Mzee Raphael sikuwahi kulivunja, kwa sababu sikulipanga.