Nililipia dirisha la ziwa Gisenyi, nikapewa ukuta: tulivyodai haki yetu kwenye umuganda

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na shahidi ninaye: mke wangu. Ameusoma uzi huu kabla sijauweka hapa na akafuta sentensi mbili zilizonifanya nionekane shujaa.

Kwa hiyo kilichobaki ni ukweli mtupu.

Nilikulia Karagwe, sasa naishi Kigali. Kazi yangu ni kuandika makala ambazo watu husema watazisoma wakipata nafasi. Mke wangu ni nesi. Alikulia Goma, kando ya ziwa Kivu, na kwa miaka minne hajapata likizo ya maana.

Juzi juzi akapewa siku tatu. Nikamuuliza anataka nini.

"Utoto yote nilivoma maji mu ile ziwa na bidon," akasema, yaani kuchota kwa dumu. "Sasa nataka nilale mu kitanda, niiangalie tu."

Ombi dogo namna hiyo, mwanaume unashindwaje?

Nikapata hoteli Gisenyi, upande wa pili tu wa mpaka na Goma, ufukweni kabisa, chumba chenye dirisha linalotazama Kivu. Nikafanya booking ya Ijumaa na Jumamosi, nikalipa zote mapema kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha ukaja. Niliringa njia nzima. Tulipopita Kanama, basi likianza kuteremka, bado nilikuwa namweleza mke wangu faida za kupanga mambo mapema.

Mapokezi tulikuta meneja, mtu wa rika langu, mpole, shati limepigwa pasi.

"Karibuni sana, papa. Karibu, mama. Bon... kuko ka problème kadogo. Chumba yenu iko, lakini haiko hapa. Iko ku hoteli yetu ingine. Ni kitu moja."

"Kitu kimoja vipi?"

"Patron ni moja," akanijibu, yaani mwenye hoteli zote mbili ni mmoja.

Kabla sijafungua simu kumwonyesha ujumbe wa malipo, begi letu lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikipiki, mke wangu yuko kwenye nyingine, na ya tatu inanisubiri.

Nikapanda. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Sikutaka kuonekana mtu wa fujo.

Hoteli hiyo nyingine ilikuwa juu, kando ya barabara kuu. Ilikuwa safi, sitaisingizia. Bei iliyobandikwa ukutani ilikuwa karibu nusu ya niliyolipa. Nikafungua pazia, nikakutana na ukuta wa jirani. Nikamuuliza mhudumu ziwa liko wapi.

Akaelekeza kidole kwenye ule ukuta. "Iko pale, nyuma ya hii nyumba. Na ingine. Na ingine."

Mke wangu akakaa kitandani akautazama ukuta. Wakuu mlio kwenye ndoa, mtazamo ule mnaujua.

Nikafanya kile ambacho msomi hufanya akionewa: nikaandika barua. Kurasa tatu, na utangulizi juu. Jioni ile ile nikaipeleka kwa meneja. Akaisoma yote, taratibu, kwa heshima.

"Papa, we unaandika muzuri sana. Nitaipeleka kwa patron."

Mnajua nilifurahi? Nikarudi mbio kumwambia mke wangu kwamba barua imesifiwa.

"Na chumba?" akauliza.

Kukapambazuka Jumamosi. Kwa wasiojua, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huku Rwanda ni umuganda. Asubuhi maduka yanafungwa, vyombo vya usafiri vinasimama, kila mtaa unatoka kufanya kazi ya pamoja. Baada ya kazi kuna kikao, na mwenye shida anaisema mbele ya watu. Nimeishi nchi hii zaidi ya miaka ishirini, na bado nilichagua wikiendi hiyo bila kutazama kalenda. Ndiye mimi, bingwa wa kupanga mambo mapema.

"Twende tulime," akasema mke wangu. "Kuliko kuangalia hii ukuta."

Kazi ilikuwa kuzibua mtaro wa maji ya mvua. Dakika kumi hazijaisha nikawa na malengelenge mawili. Mama mmoja pembeni yangu akaangua kicheko.

"Eeh, papa! Unashika jembe kama kalamu!"

Nikabadilisha mshiko.

Nikainua kichwa. Ng'ambo ya mtaro, ndani ya buti za mpira, nani? Meneja! Kumbe anakaa mtaa huo huo. Akanisalimia kwa furaha ya kweli. Tulichimba pamoja karibu saa nzima, tukasaidiana kunyanyua jiwe moja kubwa, na hakuna aliyetaja hoteli. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonichanganya. Nikaanza kufikiria kusamehe kila kitu.

Kazi ikaisha, tukakaa majanini. Kiongozi wa mtaa ni mama muuza vitenge, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mpaka. Wakaongea habari za taa za barabarani. Wakaongea habari za mbuzi aliyekula maharage ya jirani. Kisha akauliza, "Kuko mwingine mwenye shida?"

Nilikuwa bado napanga hoja kichwani, ya kwanza, ya pili. Mke wangu akawa ameshasimama.

"Mi ni mugeni. Tulilipa chumba ya ku ziwa, wakatulaza nyuma ya ukuta. Kesho tunarudi Kigali, niko na usiku moja tu. Nataka kujua: ni nani amelala mu kitanda yangu?"

Vichwa vyote vikamgeukia meneja. Barua unaweza kuitia kwenye droo. Majirani waliokukodolea macho utawatia wapi?

Meneja akavua kofia. "Bon... ni shemeji ya patron. Alifika bila kutuambia."

"Donc," akasema kiongozi, "mugeni analipa, shemeji analala?"

"Tena mugeni amelima!" mzee mmoja akadakia. "Shemeji iko wapi? Jembe yake iko wapi?"

Watu wakacheka hadi kushikana mabega. Kiongozi hakucheka.

"Piga simu. Hapa hapa. Weka haut-parleur, tusikie wote."

Wakuu, moyo ulinidunda kama natazama penalti ya mwisho. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Allô?"

Meneja akaeleza, kwa aibu lakini bila kupindisha. Nampa heshima yake.

"We uko wapi?" patron akauliza. "Nasikia watu wengi."

"Niko mu kikao ya umuganda, patron. Wote wanakusikia."

Patron akakohoa.

"Ah. Bon. Wapeni chumba yao."

Nilitaka kuruka. Mke wangu akabaki amesimama vile vile.

"Na ya jana?"

"Anauliza," kiongozi akaisogelea simu, "na ya jana?"

Hapo ndipo fidia ilipopatikana: tofauti ya bei ya usiku wa kwanza, na juu yake chakula cha jioni cha watu wawili. Kiongozi akataka iandikwe kwenye karatasi na sote tusaini. Pesa iliingia kwenye simu yangu kabla hatujainuka majanini.

Mchana, kule hoteli ya ufukweni, tukapishana na shemeji mlangoni akiburuta sanduku lake. Akatusalimia vizuri, maskini, hakujua lolote.

Jumapili nilipoamka, mke wangu alikuwa ameegemea mito, pazia liko wazi, na Kivu yote imejaa dirishani. Nikamuuliza kama anataka chai.

"Ngoja. Naangalia."

Aliangalia mpaka saa ya kurudisha ufunguo ikapita. Hakuna aliyethubutu kugonga mlango.

Somo langu ni hili. Ukibadilishiwa hoteli, usipande chombo chochote ulichoitiwa. Baki pale pale mapokezi, waonyeshe ujumbe wa malipo, dai tofauti ya bei kwa maandishi kabla hujapokea ufunguo mwingine. Ila nisijidanganye: ushahidi nilikuwa nao tele tangu dakika ya kwanza. Kilichoniponza ni aibu, ile ya kuogopa kuonekana mgomvi mbele za watu, na aibu hiyo nimeisomea mpaka chuo kikuu.

Karibuni mchangie, hata wenye hoteli. Na wewe uliyewahi kubadilishiwa chumba ukanyamaza, tuambie: nini kilikufunga mdomo?