Dole la Kijivu Kwenye Mlima wa Njano

Dukani kwetu rangi mbichi haiaminiki. Ukishachanganya, unachovya dole gumba, unalibandika kwenye karatasi, unasubiri ikauke, ndipo useme kama ni yenyewe. Sheria hiyo aliiweka Mama Rangi. Kwa miaka ishirini na sita ametufundisha wote tuliopita pale, nikiwemo mimi niliyekuja nikijiona fundi. Mashine ya kuchanganyia ilipoletwa, ikatoa kijani, aliitazama kama anavyotazamwa mtoto mwongo. "Ongeza nyeusi, tone moja." Tukaongeza, ikakubali.

Kuchora hakuwahi. Ila binti yake alipohamia nyumba yake mwenyewe alimwambia, "Mama, sitaki zawadi ya masufuria. Nichoree kitu cha sebuleni." Basi wiki tatu mfululizo, kila mapumziko ya mchana, akawa ameinamia karatasi moja kubwa, nzito. Duara jekundu linapanda mlima wa njano, pembetatu ya buluu imeteleza, mistari ya waridi inakimbizana bila adabu. Ukimuuliza ni nini, anakujibu, "Ni furaha. Ulitaka iwe na pua?"

Jumamosi binti alikuwa anakuja kuichukua saa nne. Saa tatu akaingia mteja na kipande cha plasta ya ukuta, anataka kijivu kama hicho. Nikachanganya, nikachovya, nikabandika kwenye karatasi iliyokuwa karibu. Ilikuwa ile. Dole langu la kijivu, katikati ya njano!

 Nikadaka kitambaa nifute.

"We kaka, usiguse!" Mama Rangi alifoka akitokea stoo. "Ikauke kwanza."

Nikasimama pale robo saa kama mshitakiwa. Hakunitukana, na heri angenitukana. Ilipokauka akaitazama kwa mbali, akaisogelea, halafu akacheka.

"Kako peke yake, masikini. Lete hilo dole."

Akalichovya kwenye kijani, akalikandamiza. Chungwa. Waridi. Zambarau. Mkono wangu, akili yake. Alama zikapanga foleni mlimani nyuma ya duara, ile ya kijivu ikiongoza msafara kwa maringo. Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli, lakini huyu mama aliyatumia kumwagilia bustani.

Binti akaingia. Akaisogelea picha. Akiikataa, aliyeiharibu ni mimi.

"Mama, hivi vidole vya nani?"

"Vya huyu bwege."

"Na chako kiko wapi?"

Mama Rangi akachovya dole lake kwenye nyekundu, akalibandika chini pembeni. Vyangu vilikuwa na mistari ya ngozi tele. Chake kilitoka laini, doa tupu. Mafuta ya kuondolea rangi yalishaifuta mistari yote, na mimi niliyekaa naye miaka yote hiyo sikuwa nimejua.

Binti akainamia lile doa. "Itakaa ukutani, mbele ya mlango, kila anayeingia aione. Haya, weka sahihi."

"Nimeshaweka," akasema Mama Rangi, akijifuta kidole.