Breki za Fabien kwenye Mteremko wa Fizi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ukungu bado umefunika mapaa ya Fizi, na Fabien Wilondja amepiga magoti kwenye mlango wa kamyoneti yake. Ameinua ubao wa sakafu. Anafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, anachovya unyasi, anauinua karibu na taa ya chemli na kutazama tone linavyoanguka.

Linaanguka upesi. Anachovya tena.

Kisha anaikandamiza pedali kwa mkono. Inashuka, inarudi. Anafanya hivyo mara kumi, akihesabu kwa sauti ndogo, ingawa baridi ya mwezi huu wa Juni imemtia ganzi vidoleni.

Abiria saba wamesimama kando, wamejifunga blanketi mpaka masikioni. Hakuna anayekaribia gari.

"Shofa," anaita Waridi, mama wa Lweba anayeuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, "unatengeneza ao unaomba? Utuambie, na sisi tupige magoti."

Wenzake wanacheka kidogo. Fabien hacheki. Anarudi kwenye pedali na kuanza tena kuhesabu, tangu moja.

Fabien ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Swima, akajifunza kazi Albertville, kwanza akiosha vyuma katika garaji, baadaye akishika spana. Kwa miaka tisa aliendesha lori la pamba la tajiri mmoja wa Baraka. Mwaka 1954 alitoa franki elfu tano na mia tano, akiba yake yote, akanunua kamyoneti iliyokuwa imelala kwenye majani bila magurudumu, kuku wakitaga ndani yake.

Aliijenga upya nyuma ya nyumba yake, peke yake, kwa miaka miwili. Hakuna mtu wa Baraka asiyejua jinsi ilivyotoka siku ya kwanza. Alikuwa amefunga meno ya ekseli ya nyuma upande usio wake. Alipotia gia ya kwanza mbele ya majirani wote, gari likarudi nyuma, likabomoa ua wa matete na kusimama juu ya sufuria ya jirani. Kwa aibu akatia gia ya kurudi nyuma ili akimbie, nalo likaenda mbele vizuri kabisa.

"Walicheka mwezi muzima," anasema. "Batoto walikuwa wananifuata njiani wakitembea kinyumenyume. Pale nikaapa: sitauliza mutu kitu tena, na sitaonyesha mutu kosa langu."

Kiapo hicho ndicho kilichomfikisha mahali alipo leo.

Mwezi wa Februari mwaka huu breki zilikuwa tayari, ila mafuta yake maalumu hayakuwapo Baraka. Yalipaswa kutoka Usumbura, na mashua ilichelewa. Fabien akakumbuka kwamba fundi wake wa Albertville aliwahi kumwambia kuwa mafuta ya breki hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mbarika. Akajiambia kuwa mafuta ya mmea ni mafuta ya mmea.

Mkewe, Constance, ambaye watu humwita Mama Félicité kwa jina la binti yao wa kwanza, anafanya biashara ya mawese. Hununua madebe pwani na kwenda kuyauza sokoni Fizi, kisha hurudi na maharagwe. Fabien akachota chupa moja kwenye debe lake, akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye breki. Hakumwambia.

Pwani, kwenye jua, gari lilisimama kila alipotaka. Watu walimpigia makofi.

Safari ya kwanza ya Fizi ilikuwa mwezi wa Machi. Walipanda mchana, jua kali, watu kumi na mmoja, Constance mmoja wao, na mizigo yao, wakalala mlimani. Asubuhi, kabla ya kuondoka, Fabien alikanyaga breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Nilifurahi," anasema, na hatazami mtu anaposema hivyo. "Nilifikiri freni nzuri ni ile ngumu."

Kwenye kona ya pili ya mteremko alikanyaga, na gari halikusikia. Akakanyaga kwa miguu miwili. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta wa mlima; upande wa kulia, chini kabisa, vilele vya miti. Akavuta breki ya mkono, waya ukakatika. Nyuma yake mtoto mchanga alianza kulia, na mama yake akawa anauliza, bila kupiga kelele, "Shofa, ni nini? Shofa, ni nini?"

Aliligongesha gari ukutani. Lilijikwaruza juu ya mawe kwa urefu wa nyumba tatu, likarusha mizigo na watu, likasimama limeegama. Mama yule alikutwa kwenye majani, mtoto bado mgongoni, mzima. Idi, mzee wa Swima anayeuza samaki, alivunjika mkono.

Barabarani palikuwa na debe moja la Constance ambalo halikuuzwa. Lilikuwa limelala ubavu na kifuniko kimetoka. Hakuna tone lililomwagika. Mawese yalikuwa yamesimama ndani yake, mazito, yamekaza kama sabuni.

Fabien anasema aliyatazama, akaelewa yote kwa mara moja. Kila mama wa soko la Fizi huweka debe karibu na moto asubuhi ili yayeyuke kabla ya kupima. Constance amefanya hivyo miaka kumi.

"Batu wakaniuliza: shofa, ilikuwa nini? Na kinywa yangu ikajibu yenyewe. Ikasema: ni mizigo. Mama Félicité amepakia mifuko mingi."

Uongo ule ulipata msaada wa jua. Saa sita mchana polisi alikuja kuzijaribu breki, na mafuta yalikuwa yamekwisha kuyeyuka. Zilishika sawasawa. Basi ikawa ni mifuko.

Tangu siku ile hakuna dereva wa Baraka anayekubali kubeba mzigo wa Constance. Sokoni walimpa jina la Mama Mifuko. Yeye hakubishana, kwa sababu alimwamini mumewe. Alikwenda Swima na kuku kumwomba Mzee Idi msamaha. Na sasa hupanda Fizi kwa miguu, debe moja kichwani, siku mbili kwenda, na siku mbili kurudi na mfuko mdogo wa maharagwe.

Mwezi wa Aprili mafuta ya Usumbura yalifika. Fabien akang'oa mabomba yote, akayaosha, akabadilisha mipira ya kuzibia, akafunga upya. Breki zikapona. Nyumbani mwake hakuna kilichopona.

Ndiyo hali ilivyo asubuhi hii, wakati Constance anapotokea kwenye ukungu na mfuko wake kichwani. Anawasalimia abiria. Hatupii gari jicho. Mzee Idi, ambaye ni mmoja wa abiria wa leo, anaitikia kwa kikohozi.

Fabien anasimama, magoti yamelowa umande.

"Mama Félicité, pandisha mufuko."

"Hapana, Baba Félicité. Mi natembea. Batu hawa wafike salama."

"Amesema vizuri," anadakia Mzee Idi. "Kama mufuko ile inapanda, mi nashuka. Nimebakia na mukono moja ya kazi, naihitaji."

Fabien ameshika mlango wa gari. Midomo yake inacheza bila sauti. Mtu angedhani bado anahesabu.

"Mzee Idi," anasema mwishowe, "mukono yako haikuvunjwa na mufuko."

"Ilivunjwa na nini basi? Na malaika?"

"Na mi. Niliweka mawese ndani ya freni."

Waridi anasogea karibu na gari.

"Mawese?" anauliza Waridi. "Mawese hii ya kupikia sombe?"

"Hiyo."

"Na ukaja kulala nayo Fizi?" Waridi anajishika kiuno. "Yesu wangu! Hata mutoto wa kunyonya anajua mawese inaganda Fizi! Shofa muzima, na kofia yake! Ungeuliza hata mi, ningekuambia bure!"

Wanawake wanapasuka kwa kicheko, mmoja baada ya mwingine, mpaka wawili wanashikana wasianguke. Fabien amesimama katikati yao, kichwa chini, kama mtu aliyeshikwa na mvua mahali pasipo na baraza.

Mzee Idi hacheki. Constance pia hacheki. Ameutua mfuko wake chini.

"Siku ile debe yangu ilikuwa imelala pale barabarani," anasema polepole. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukajua?"

"Saa ile ile."

Wanawake waliokuwa wameshikana wanaachiana.

"Miezi mitatu naota ule mama anaanguka na mutoto mugongoni. Naamka nalia, na we uko hapo pembeni. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Constance anainama kuuchukua mfuko. Mzee Idi anamtangulia. Anaukamata kwa mkono wake mzima, anauburuta mpaka nyuma ya gari na kuusukuma ndani kwa goti.

"Kuku yako nilikula bure, Mama Félicité. Nitarudisha."

"Uliila na ugonjwa, Mzee. Acha."

"Nitarudisha mbili."

Constance anautazama mfuko ndani ya gari. "Haya, mufuko upande. Mi nitatembea." Kisha anamgeukia mumewe. "Hapa Fizi batu ni saba. Baraka unajua ni wangapi. Jina yangu uliiangusha kule, kule ndiko utaiokota."

Anafunga kitenge chake vizuri na kushika njia ya mkato inayoshuka kwenye majani. Ukungu unammeza.

Saa kumi na mbili na nusu kamyoneti inaondoka. Fabien anashuka kwa gia ya kwanza, na injini inalia. Katika kona ya pili jiwe lingali na mstari wa rangi ya bluu, rangi ya gari hili. Anakanyaga kabla ya kufika, gari linasimama. Anakanyaga katikati ya kona, linasimama. Nyuma mtu anasali rozari kwa haraka, akiruka maneno. Waridi, aliyekuwa na mdomo mwingi, ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili na kufumba macho.

Kona ya tatu ni mbaya kuliko zote. Maji ya mvua za nyuma yamekula ukingo, na kutoka dirishani barabara haionekani, panaonekana hewa tu. Fabien anashusha mguu kwenye pedali na kuuacha hapo. Jasho linamtiririka shingoni katika baridi ile. Gari linateleza kidogo juu ya kokoto, urefu wa hatua moja, hatua mbili. Hakuna anayepumua. Linasimama.

"Endelea," anasema Mzee Idi kwa sauti nyembamba. "Endelea, lakini pole."

Wanafika tambarare jua likiwa limepanda. Fabien anazima injini pembezoni mwa barabara, lakini hawezi kuachia usukani. Waridi ndiye anayemfungulia mlango na kumbandua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Umetufikisha," anamwambia. "Sasa Jumamosi usiposema sokoni, nitasema mi, na mi naongeza chumvi."

Huko Baraka, akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, Fabien anaeleza mpango wake. Jumamosi ni siku ya soko kubwa, watu hutoka Lweba, Swima, na kwa mashua kutoka Ubwari. Ataliegesha gari mbele ya maduka, apande nyuma, aseme alichofanya tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha atakwenda kwa madereva wenzake, mmoja mmoja, kuwaomba wapokee tena mizigo ya mkewe. Gari lake litabeba madebe yake bure mpaka mwisho wa mwaka, kama mwenyewe atakubali.

Je, anaogopa?

"Kule mulimani niliogopa kufa," anasema. "Hii ya Jumamosi, sitakufa. Nitabaki muzima, na batu watakuwa wananiangalia." Anajifuta uso. "Natumaini sauti isinikatike. Siku ile ya uongo haikunikatika."

Constance anatokea kesho yake jioni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mumewe anainuka. Hawapeani mikono. Constance anakwenda moja kwa moja kwenye gari, anaushusha mfuko wake, anaukagua kamba, anauweka mlangoni. Kisha anasimama, mgongo umeelekea uwanja.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Saa tatu. Soko ikijaa."

"Nitasimama mbele," anasema Constance, na kuingia ndani.