Mkeka Mlangoni mwa Chuo

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoachiwa kufungua biashara yake, vyuo viliota Kariakoo na Mchafukoge kila palipopatikana ghorofa tupu. Mtu anatafuta taipu kumi na tai moja, tayari ni mkuu wa chuo. Mimi nilisoma uhazili kwenye kimoja. Mama yangu, mtu wa Lindi, aliuza nazi sokoni, na kila alfajiri nilimsaidia kupokea mizigo kabla ya kwenda darasani.

Ada tulimaliza yote, wallahi. Ndiyo maana nilichachamaa mkuu aliponiambia sitafanya mtihani wa mwisho. Tulikuwa saba, watoto wa sokoni watupu, tuliochelewa vipindi vya asubuhi. Katufuta kwenye orodha ya watahiniwa kwa sababu bango lake pale chini linajigamba kwamba wanafunzi wake wote hufaulu. Kutupokea alitupokea, kutufikisha mwisho hataki. Orodha ilikuwa inapelekwa Posta saa tisa alasiri ileile. Bila namba ya mtihani, miaka yangu miwili ilikuwa imekwenda na maji.

Nilirudi sokoni nikamweleza mama. Mama hakupiga kelele. Alifunika nazi zake, akawaita wenzake watano wa chama cha kuzikana. Wakajifunga kanga zao za msibani, wakapanda ngazi na mkeka, mimi nyuma yao, wakautandika mlangoni mwa chuo na kunyoosha miguu.

Akaja baba mmoja kumwandikisha binti yake.

"Poleni, mama zangu. Amefariki nani?"

"Watoto saba," mama akajibu. "Waliingia humu wazima."

Yule baba akamshika binti yake mkono, wakashuka. Waliowafuata nao wakashuka. Saa nane na nusu mkuu akatoka, tai kailegeza.

"Mama, mnanitia nuksi. Namba ya binti yako hii hapa. Nyanyukeni."

Nilimpokonya kikaratasi mkononi. Sisemi uongo: nilifurahi, na wale sita hawakunijia akilini hata kidogo. Nikamvuta mama kanga.

"Tuondoke, mama, kabla hajageuka."

Mama akanitazama kama mtoto wa jirani.

"Mlikuwa wangapi?"

"Saba."

"Basi kaa."

Akasogea kunipa nafasi. Nikakaa, kikaratasi kinalowa jasho kiganjani, naogopa mkuu atakuja kukichukua. Mkuu aliangalia saa. Kwenye ngazi zilisikika hatua za watu wengine wanapanda. Akamwita karani alete orodha, akaturudisha mwenyewe kwa kalamu, amesimama, na mama hakuinuka mpaka aliposomewa majina yote sita.

Njia nzima hakunisemesha. Mtihani nilifaulu, kazi nikapata, cheti ninacho kabatini. Kila nikikitoa naiona ile kanga ya msiba mkononi mwangu, naivuta tuondoke.