Mgeni Niliyemnyima Jembe

Mimi napenda kusaidia kupita kiasi, na mdomo wangu hutangulia akili. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie visingizio. Hapa Bukavu kazi yangu ni kupokea wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi na kuwatafutia makao katika mitaa yetu. Kosa langu kubwa katika kazi hiyo nililifanya kwa huruma.

Mama mmoja alifika biro kwetu, yaani ofisini, na mimba ya miezi sita. Alikuwa amepita Luberizi, akapalilia mpunga wa watu mpaka mgongo ukakataa. Mume wake alibaki ng'ambo, na habari zake hakuwa nazo. Nilimpatia chumba juu kabisa mlimani, kwenye avenue ambayo gari haifiki: unashukia barabarani, unapanda kwa mguu kati ya nyumba, na mvua ikinyesha unashika kuta za watu usianguke. Nilimtafutia godoro, sufuria na bidoni mbili za maji. Kisha nikaenda kwa chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, mzee mpole anayeandika kila kitu katika daftari la shule, nikamwambia kwa sauti yangu ya biro:

"Papa chef, huyu maman ni mukimbizi, tena iko na mimba. Musimuweke kwa salongo. Matanga, kubeba bagonjwa, musimuombe kitu. Akikosa kitu, munipigie mimi."

Mzee aliniangalia kidogo. "Hata kitu?"

"Hata kitu."

Akaandika. Nikashuka mlima nikijisifu moyoni.

Asiyejua mambo yetu aelewe hivi. Salongo ni kazi ya pamoja ya Jumamosi: kufagia, kuzibua mifereji kabla udongo haujaangusha nyumba. Na kwa kuwa gari haifiki, mgonjwa hushushwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti miwili na blanketi, watu wa avenue wakipokezana mabega. Hakuna sheria iliyoandikwa. Aliyefika kwako siku ya msiba, nawe unafika kwake. Ambaye hajawahi kufika kwa mtu hakataliwi wazi. Ila siku yake, huyu anaumwa bega, yule ameenda shambani Nyantende.

Miezi miwili baadaye, siku zake zikikaribia, nilipanda kumtembelea. Nilimkuta ameketi mlangoni, macho mekundu.

"Maman, hapa watu hawanichukii," alisema. "Wananipita tu."

Nilimuuliza siku ya uchungu atashushwa na nani. Akatazama ngazi za udongo zinazoshuka barabarani.

Hasira ikanipanda. Nilimwendea chef moja kwa moja. "Papa chef, ni roho gani hii? Mutamuacha mwanamuke wa mimba afie juu huku?"

Mzee alifungua daftari polepole, akanionyesha mstari: asiombwe kitu. "Hii ni maneno yako, maman. Batu banasema huyu ni mutu wa biro, basi biro itamubeba. Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Wewe ulitukataza jembe."

Methali hiyo niliikariri shule ya msingi, nikapigiwa makofi. Nilikosa pa kuficha uso. Nikamwomba aufute ule mstari.

"Kufuta kwa daftari ni rahisi," alisema. "Kwa roho ya batu njo iko nguvu kufuta."

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza kosa langu lote. Nilidhani atalia. Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. "Kumbe ni hivyo? Mimi nilifikiri nanuka."

Wiki ile ile jirani wa chini alifiwa na mama yake. Mkimbizi wangu hakungoja kuitwa. Alishuka taratibu na bidoni ndogo ya maji, maana bomba lilikuwa limekauka, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwa wanawake waliokuwa wakipika, akavuta ungo akaanza kuchagua maharagi. Walimwambia apumzike. Akasema mimba haiko kwa mikono. Alirudi kesho yake na keshokutwa yake, mpaka matanga yakaisha.

Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua. Papa chef alinipigia, simu ikakatika kabla hajamaliza. Njia nzima nilisali rozari ndani ya gari, nikihesabu wanaume ninaoweza kuwabembeleza wabebe, na sikupata hata wawili. Huyu mama akifia juu kule, nilijiambia, mkono ulioandika ni wa mzee lakini mdomo ni wangu.

Nilipofika chini ya mlima nilisikia watu wakielekezana: polepole, kuna jiwe. Kisha nikawaona. Wanaume wanne chini ya kipoyi, wengine pembeni wakingoja zamu, wanawake wameshika plastiki juu ya mgonjwa asilowe. Yule jirani aliyefiwa alikuwa mbele, akipima kila ngazi kwa mguu wake. Nililia pale barabarani, mbele ya dereva, wala sikuona haya. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya saa sita mchana, na mama yake mzima.

Kwa wanaofanya kazi kama yangu nasema: godoro mpe, dawa mpe, karatasi zake zifuatilie. Ila kabla hujamsemea kwa majirani, muulize mwenyewe anaweza kufanya nini. Usimwombee ruhusa ya kutohitajika.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu nilipanda Jumamosi moja bila kutoa habari. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikajua wamemfukuza. Nikamwona yule jirani mbele ya nyumba yake, mtoto amemfunga mgongoni.

"Mama yake iko kwa salongo," alisema.

Nilimkuta ndani ya mfereji, matope mpaka magotini, akibishana na papa chef maji yapitie wapi. Aliponiona aliangalia viatu vyangu vya biro, akatoka mferejini, akanikabidhi jembe lake.

"Maman, siku zako mbili zimeisha."

Nikavua viatu.