Nilivyochukua kikombe cha kuogelea shuleni, enzi za Mwingereza, nikiwa sijui kuogelea

Wakuu, heshima kwenu. Najua humu wengi ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla, marahaba.

Kisa hiki hata marehemu mke wangu sikumsimulia. Chumvi sitaongeza, maana hivi kilivyo kinanitia aibu ya kutosha.

Nilisoma sekondari huku pwani ya Lindi, Mwingereza bado yupo. Shule naiacha bila jina.

Kwetu ni Kikole, wilaya ya Kilwa, lakini bara huko, watu wa jembe. Maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya kisimani.

Siku ya kwanza bwenini nikakuta vijana wa pwani wanawacheka wenzetu wa bara, eti watu wa porini. Zamu yangu ilipofika nikaulizwa kwetu wapi. Nikasema Kilwa. Basi.

Si uongo, jamani! Wao wakaona bahari, mimi sikuwasahihisha. Wiki haijaisha nikawa nimeshampa baba yangu ngalawa mbili, na baba wa watu alikuwa mkulima wa mtama.

Yakaja mashindano ya kuogelea baina ya mabweni. Mwalimu wa michezo alikuwa Mzungu kijana, mgeni nchini. Tulimwita Bwana Filimbi, maana filimbi ilikuwa haimtoki mdomoni. Akapitia orodha, akaona Kilwa, akanifanya kepteni wa waogeleaji wa bweni la Simba. Kama naweza hakuuliza. Nadhani aliona kumuuliza mtu wa Kilwa swali hilo ni kumvunjia heshima.

Wakuu, hesabu ilikuwa hivi. Nikikiri, nitachekwa mpaka namaliza shule. Nisipokiri, nitazama mbele ya Bwana DC, mgeni rasmi. Nilipima yote mawili nikaona kuzama kuna nafuu. Ujana huo.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Salumu wa bweni la Chui, mtoto wa mvuvi wa Kinjumbi. Huyo ndiye muogeleaji hasa, na shule nzima ilijua kikombe ni chake. Mara tatu alinialika tukaoge baharini, mara tatu nikaumwa tumbo. Mara ya nne hakunialika. Aliweka kalamu chini, akanitazama.

"Wewe hujui kuogelea."

Nikamwambia ukweli wote. Nilidhani atatangaza. Hata kucheka hakucheka.

Sasa sikieni. Bwana Filimbi alijua kuwa bahari hupwa na kujaa, ila hakujua lini. Akaona amuulize mtaalamu ampangie siku na saa. Mtaalamu ndiye mimi! Nikaomba anipe mpaka kesho, nikamkimbilia Salumu.

Akaniuliza nataka maji mengi au machache. Nikamjibu kama yanaweza kukosekana kabisa nitashukuru.

"Mwambie siku mbili baada ya mwezi kuandama, saa nne asubuhi," akasema.

Kwa msiokaa pwani: siku hizo ni bamvua. Maji yakijaa hujaa kweli, na yakitoka hutoka kweli. Saa nne asubuhi yanakuwa yametoka.

Siku ikafika. Bwana DC kitini, mkewe na mwavuli, na bahari iko kuleee, imetuachia matope na kaa. Bwana Filimbi alinigeukia. Mimi nikakunja uso, nikawa natazama mbali kama mtu anayeelewa jambo.

Kuahirisha haikuwezekana, mgeni ameshakaa na ratiba imeshapigwa chapa. Tukatembezwa mpaka yalipo maji ya magoti. Sharti likawa moja, atakayesimama ametoka.

Filimbi ikalia. Vijana wa pwani wakajitupa kama walivyozoea, matumbo yakasugua mchanga, wakasimama wanalaani. Mimi nikatambaa. Mikono inakanyaga chini, miguu nyuma inarusha maji kwa fujo.

Mbele yangu akabaki Salumu peke yake, anateleza vizuri tu. Karibu na kamba ya mwisho akasimama, akajifuta uso, akatoka.

Bwana DC alinikabidhi kikombe, akasema mtu wa bahari hujulikana kwa kumtazama tu.

Likizo Salumu akanichukua kwao Kinjumbi anifundishe kuogelea kwa siri. Habari zilishatutangulia. Tulipomwamkia baba yake, aliitikia, kisha akauliza kama ni mimi niliyemshinda mwanawe majini.

"Ndiye, baba," Salumu akasema.

Mzee akamwangalia mwanawe, akamwambia amemtia aibu. Asubuhi yake alipokwenda kuvua alinichukua mimi. Salumu aliachwa nyumbani, achote maji na dada zake.

Kutwa nzima nilikuwa kwenye ngalawa ya baba wa mwenzangu, nimeshika ubao kwa mikono miwili, nasifiwa. Kutwa nzima. Sentensi moja tu ilitakiwa, kwamba Salumu aliniachia, na sikuisema.

Salumu hakuniuliza kamwe kama nilimwambia baba yake. Tuliporudi alituvutia ngalawa mpaka mchangani, akataka kujua kama niliogopa.

Funzo? Nilijidanganya kuwa nalinda heshima yangu, kumbe natumia ya mtu mwingine. Salumu ameshatangulia mbele ya haki, na baba yake zamani sana. Ile sentensi ndiyo nimeiandika leo, hapa ambapo hakuna hata mmoja wao atakayeisoma.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mngekuwa nyinyi ndani ya ile ngalawa, mngesema? Msinijibu haraka.